Mgeni Aliyetumwa: maswali ya wasomaji kuhusu utume wa ng'ambo

Toleo hili tumelitenga kwa barua zinazohusu jambo moja, nalo ni yale ambayo Mungu humfundisha mtu anapotumwa na kanisa lake kuhudumu katika nchi isiyo yake. Anayejibu ni mchungaji mstaafu aliyehudumu kwa miaka mingi mashariki mwa Kongo. Barua ndefu tumezifupisha.

Shikamoo Mchungaji. Mimi ni muuguzi na mume wangu ni mwinjilisti. Tumepangiwa kwenda kuhudumu katika kituo cha afya mashariki mwa Kongo kuanzia mwakani. Kila anayekuja kutuaga anatuambia twende tukawafundishe wenzetu na kuwapelekea nuru. Maneno hayo yananitia woga, kwa maana najiona sina kikubwa cha kuwapa. Mtu hujiandaaje kiroho kwa safari ya namna hii? (Muuguzi, Iringa)

Marahaba, mwanangu, na Bwana awatangulie wewe na mwenzako. Huo woga wako nauhesabu kuwa mwanzo mwema kuliko ujasiri wa hao wanaowaaga, kwa sababu somo la kwanza ambalo Mungu humpa mtu aliyetumwa ng'ambo ni kupokea, na anayekwenda akiwa amejaza mikono yote miwili hana mkono wa kupokelea. Bwana Yesu alipowatuma wale sabini hakuwapa akiba ya kugawa. Aliwaambia wasichukue mfuko wala mkoba, wakae katika nyumba itakayowakaribisha, wale na kunywa vya kwao. Aliwatuma wakiwa wahitaji, tena kwa makusudi. Sura hiyo ya kumi ya Luka nilikuwa nimeihubiri nyumbani zaidi ya mara moja, lakini uzito wake niliuonja nilipokuwa mgeni katika kijiji ambacho sikuwa na shamba, wala ndugu, wala mtu wa kunidhamini.

Kwa kuwa mnakwenda upande huo, nawaomba muijue habari ya Apolo Kivebulaya kabla hamjafunga mizigo. Tumezoea kudhani kwamba mmisionari ni Mzungu aliyeshuka melini, ilhali huyu alikuwa Mganda, aliyebatizwa mwaka 1895 na kutumwa Toro, magharibi mwa Uganda, mwaka huohuo. Mwishoni mwa 1896 alishuka kutoka upande wa milima ya Ruwenzori, akavuka mto Semliki na kufika Boga, upande wa Kongo, mahali ambapo lugha haikuwa yake, mtawala hakuwa wake, na desturi nyingi hakuzijua. Walimu wawili wa Kiganda walikuwa wametangulia kufika huko na wameshindwa. Tabaro, mtawala wa Boga, hakupendezwa na mafundisho yao, watu wakaacha kuwapa chakula, na njaa ikawarudisha walikotoka.

Apolo alipofika alishika jembe. Alifyeka, akalima, akapanda chakula chake mwenyewe, akawa mtu wa shamba kati ya watu wa shamba. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na sisi huitumia methali hiyo kumfukuza mgeni mvivu, lakini mimi naiona kuwa heshima kubwa anayoweza kupewa mtu wa kuja. Mwenye kupewa jembe amekubaliwa kuchafuka udongo uleule, kungoja mvua ileile na kuiogopa njaa ileile. Kwa hiyo ninaposema kupokea simaanishi kukaa ukiandaliwa. Namaanisha kuyapokea maisha ya wenyeji jinsi yalivyo, pamoja na kazi yake, mpaka neno lako litoke ndani ya maisha hayo badala ya kutoka juu yake. Tabaro aliyewahi kuamuru Apolo apigwe viboko alikuja kubatizwa baadaye, na sidhani kwamba mahubiri peke yake ndiyo yaliyomfikisha hapo. Alikuwa amemwona mtu yule akilima.

Nikwambie na la kwangu. Msimu mmoja wa mvua nililala kwa malaria kali, na kwa siku kadhaa sikuweza kusimama. Vijana wa kwaya walileta maji kwa madumu kutoka chemchemi bila kuambiwa na mtu. Mjane mmoja, ambaye mpaka siku hiyo nilikuwa nikimhesabu miongoni mwa watu wa kusaidiwa na kanisa, alikuja na sufuria ya uji wa mtama aliyoifunika kwa jani la mgomba, akakaa kizingitini, akakataa kuondoka mpaka nimalize. Aliniuliza kama mama yangu yu hai. Nilipomjibu kwamba yu hai, alisema, "Basi leo mimi niko pahali pake." Kisha akaniombea, kwa maneno machache na kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayezungumza na jirani yake. Baada ya ugonjwa ule watu walianza kuniletea maswali ambayo hawakuwahi kuyaleta darasani: juu ya ndoa zao, juu ya hofu ya uchawi, juu ya watoto waliozikwa vitani. Walikuwa wamenilisha, na mtu uliyemlisha unaweza kumwambia mambo yako.

Sasa la kujiandaa. Ombeni kila siku neema ya kuhudumiwa, kwa maana kwa wauguzi na wachungaji ni neema ngumu. Mkifika, kwa miezi ya mwanzo wewe uwe chini ya muuguzi utakayemkuta pale, hata kama cheti chako ni kikubwa kuliko chake. Yeye anajua ni mama gani hatarudi kliniki akikaripiwa, na ni njia ipi haipitiki mvua ikinyesha. Kaeni na wakunga wa jadi muwasikilize kabla ya kuwaelekeza. Na nawasihi sana juu ya Kiswahili: sisi Watanzania tuna mazoea ya kuwasahihisha Wakongomani, hata katikati ya ushuhuda kanisani, kana kwamba lugha hii tulizaliwa nayo peke yetu. Kiswahili chao kina njia zake, na kwa Kiswahili hicho wamelia na kumsifu Mungu miaka mingi kabla hamjafika. Jifunzeni kusema kama wao.

Bwana asifiwe, Mchungaji. Nilitumwa na usharika wangu kuhudumu Sudan Kusini. Kila robo mwaka natakiwa kupeleka taarifa ya idadi ya waliobatizwa. Ni wachache mno, na wawili kati yao wamerudi nyuma. Wazee wa kanisa wameandika kuuliza kama sadaka yao inatumika vyema. Nimeanza kujiuliza kama kweli niliitwa. (Mwinjilisti kutoka Kitale)

Asifiwe milele, ndugu yangu. Barua yako nimeisoma kwa uchungu, kwa sababu najua jinsi ile karatasi ya taarifa inavyoweza kumkosesha mtu usingizi. Nchini kwako Kenya, kilomita chache kutoka Mombasa, kuna mahali panapoitwa Rabai, na ningetamani kila mzee wa kanisa anayetuma mwinjilisti apajue.

Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyekuwa akihudumu chini ya chama cha misheni cha CMS cha Uingereza, alifika Mombasa mwaka 1844. Mwaka 1846 akajiunga naye Johannes Rebmann, na wawili hao wakaomba ruhusa ya wazee wa Rabai ili wakae kwao. Siku walipokwenda kuanza kazi wote wawili walikuwa na homa, wamedhoofu kiasi cha kutoweza kutembea sawasawa, na Krapf aliona kwamba ilifaa iwe hivyo, ili yeyote atakayekuja nyuma yao asijivunie nguvu za watu. Mtu wa kwanza kubatizwa katika kazi yao alikuwa Mringe, mlemavu, ambaye kwa macho ya dunia hakuwa na cheo wala nguvu, naye alibatizwa akiwa karibu kufa. Hebu fikiri taarifa ya robo mwaka ingeandikwaje: amebatizwa mmoja, amefariki mmoja.

Krapf aliondoka mwaka 1853. Rebmann alibaki. Alibaki mpaka 1875, mke wake akiwa amekwisha kufariki na macho yake yakiwa karibu yamezimika, na Wakristo aliowaacha waliweza kuhesabiwa kwa muda mfupi sana. Ulimwengu unamkumbuka kwa sababu Mei 11, 1848 aliiona theluji juu ya Kilimanjaro, na hata habari hiyo baadhi ya wasomi wa London waliidhihaki kwa miaka, wao wakiwa hawajakanyaga huku. Yeye alikuwa ameona, akasema alichoona, kisha akarudi Rabai kuendelea na kamusi na wanafunzi wake wachache. Mwaka uliofuata kurudi kwake Ulaya alifariki.

Lakini sikiliza kilichofuata pale pale. Kuanzia 1864 walikuwa wamekwisha kuwasili watu kama William Jones, Ishmael Semler na George David, Waafrika waliotekwa utotoni na wafanyabiashara ya utumwa, wakaokolewa baharini na meli za Waingereza, wakalelewa na kusomeshwa Nasik, India, ndipo wakarudi pwani yetu wakiwa walimu. Jones na Semler walipewa ushemasi mwaka 1885, na Rabai ikawa chini ya uangalizi wa Jones. Watumwa waliotoroka mashamba ya pwani walianza kukimbilia huko kwa mamia. Mwaka 1888 mabwana zao walipowadai kwa ukali, Jones hakukubali kuwatoa. Mambo yakaishia kwa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki kuwalipa mabwana hao fidia, na Januari 1, 1889 watoro walianza kukabidhiwa hati za uhuru wao palepale Rabai, zaidi ya watu elfu moja wakiwa wamekombolewa kwa mpango ule. Rebmann hakuiona siku hiyo. Kama wazee waliomtuma wangeifunga Rabai kwa sababu ya uchache wa majina kitabuni, wale watoro wangekimbilia wapi?

Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho, "Mimi nilipanda, Apolo akatia maji, bali mwenye kukuza ni Mungu." Mstari huo tumeuzoea mno hata hautuumi. Unamwambia mwenye kupanda kwamba huenda hatakula, na unamwambia mwenye kuvuna kwamba shamba alilikuta limelimwa. Hapa pia kuna kupokea: wewe umepokea kipande cha kazi, wala hukupewa kazi yote.

Nisieleweke vibaya, ndugu yangu. Uchache si utakatifu. Yako mahali ambako watu hawaji kwa sababu mhubiri ni mkali, au haelewi lugha, au amekaa mno na watu wa upande mmoja katika mji uliogawanyika kwa ukabila, na Sudan Kusini unajua jeraha hilo lilivyo bichi. Waulize wazee wa hapo ulipo, mkiwa faragha, kama kuna jambo katika mwenendo wako linalowafungia watu mlango, kisha nyamaza wajibu. Wakikwambia, pokea. Wale wawili waliorudi nyuma watembelee bila Biblia mkononi, uwasaidie shambani, usitaje ibada mpaka watakapoitaja wao.

Na kwa wazee wako wa Kitale: hesabu ya fedha wanastahili kuipata mpaka shilingi ya mwisho, na uwape kabla hawajauliza. Ila katika nafasi ya idadi ya waliobatizwa andika ukweli ulivyo, usibatize mtu ili kujaza karatasi. Chini yake andika kurasa mbili za yale unayoyaona: nani alikuja kukuomba ushauri, nani alimsamehe muuaji wa ndugu yake, mtoto gani amejifunza kusoma. Waombe wazisome mbele ya usharika. Waliotoa sadaka nao wana haki ya kujua wanaomba kwa ajili ya nani.

Mchungaji, salaam. Nahudumu Lichinga, kaskazini mwa Msumbiji. Majirani zangu wengi ni Waislamu. Walinisaidia kuezeka nyumba, na kila Idi wananiletea chakula. Mwenzangu mmoja kutoka nyumbani ameniambia kuwa kukipokea kunadhoofisha ushuhuda wangu. Naomba ushauri. (Mwalimu wa Biblia)

Kula, ndugu yangu, na ushukuru. Kisha Krismasi ikifika, wapelekee chao, ukizingatia kile wanachokula na wasichokula.

Mwenzako huyo nina hakika anakutakia mema, lakini kama angejua jinsi kazi ilivyoanza pwani yetu asingesema hivyo. Krapf alipofika alikuwa na barua ya Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar, iliyomtaja kuwa mtu mwema anayetaka kuuongoza ulimwengu kwa Mungu na kuwataka maliwali wamtendee vizuri na kumsaidia. Alipoanza kukitafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, mwaka huohuo wa 1844, msaidizi wake alikuwa kadhi wa Mombasa. Na Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa askofu wa misheni ya Zanzibar, alipokuwa akishughulikia Zaburi alisaidiwa na Sheikh Abdul Aziz, mwanachuoni wa Kiislamu, aliyejitolea kuzitoa katika Kiarabu na kuzitia katika Kiswahili kilicho safi. Steere na masheikh walijadiliana juu ya imani, na hakuna upande uliojifanya kuamini usichokiamini. Mwanzo wa maandiko yetu kwa Kiswahili umepitia katika ukarimu wa majirani Waislamu, na sioni kwa nini sahani ya pilau iwe hatari kuliko hapo.

Ushuhuda hudhoofishwa na mengine: kuikana imani yako ili upendwe, au kuula ukarimu wa mtu mchana na kumsema vibaya usiku mbele ya wageni kutoka nyumbani. Hilo la pili nimelisikia mara nyingi, hata katika mikutano ya maombi, nalo ni dhambi.

Shikamoo Baba Mchungaji. Mume wangu anachunga usharika wa watu wanaosema Kiswahili nchini Sweden, wengi wao Wakongomani na Warundi waliokuja kama wakimbizi. Naongoza maombi ya akina mama, lakini tangu majira ya baridi yaliyopita mimi mwenyewe nikipiga magoti sisikii kitu. Giza linaingia alasiri, ndugu zangu wako mbali, nami naona aibu kumwambia mtu. (Mke wa mchungaji, Sweden)

Marahaba, binti yangu. Umefanya vyema kuandika, na wala huna sababu ya kuona aibu. Zaburi ya 137 ni ya watu waliotundika vinubi vyao na kuuliza, "Tuuimbeje wimbo wa Bwana katika nchi ya ugeni?" Swali hilo limewekwa ndani ya Maandiko bila kufuatiwa na karipio. Mungu aliwaachia waliulize.

Julai 1844, wiki chache tu baada ya kufika Mombasa, Krapf alimzika mkewe Rosine, na mtoto wao mchanga akafuata baada ya siku chache, huku yeye mwenyewe akiwa taabani kwa homa. Barua aliyowaandikia waliomtuma iliwaambia kwamba sasa kuna kaburi pweke katika pwani ya Afrika Mashariki, na kwamba liwe kwao alama ya kazi waliyoitiwa. Watu huinukuu barua hiyo kwa kuusifu ushujaa wake. Mimi huiona zaidi kuwa barua ya mtu asiye na mtu wa kuzungumza naye, aliyelazimika kuandika mbali kwa sababu karibu naye hapakuwa na aliyeielewa lugha ya machozi yake. Alimpelekea Mungu maneno machache aliyobaki nayo, nayo yalitosha kwa siku hiyo.

Apolo Kivebulaya naye alipitia kipindi kama hicho. Dada yake Tabaro alikufa kwa kuangukia mkuki uliokuwa umefichika majanini, na lawama ikamwangukia Apolo, akafungwa na kupelekwa Toro kuwekwa gerezani kwa kosa ambalo hakulitenda. Ni katika majira yale ya mateso ambapo alisimulia kwamba Yesu Kristo alimtokea usiku, aking'aa kama jua, akamwambia ajipe moyo kwa maana yuko pamoja naye. Naiheshimu sana habari hiyo, lakini nakuomba uangalie jambo moja ndani yake. Maono yale hayakumfungulia mlango wa gereza wakati huohuo, wala hayakumpa majibu juu ya Tabaro. Alichopewa ni kuwapo kwa Bwana. Wengine hupewa hilo kwa maono, na wengine, ambao ndio wengi wetu, hupewa kupitia watu.

Nawe umezungukwa na watu. Hao akina mama unaowaongoza walitoka Uvira, Fizi na Bujumbura, wengine usiku, wengine wakiwa na watoto migongoni, wakakaa kambini miaka bila kujua watakwenda wapi. Wao wanajua kuomba pasipo kusikia kitu. Mchague mmoja, aliye mtu mzima na mtunza siri, umwendee nyumbani kwake na kumwambia, "Mama, siwezi kuomba, niombee." Najua kwa mke wa mchungaji hilo ni zito, maana sharika zetu zimemzoeza kuwa yeye ndiye wa kubeba wengine. Fanya hata hivyo. Muulize aliomba namna gani akiwa njiani, na akikuambia, usiandike fundisho la Jumapili kutokana na hilo. Lipokee liwe lako kwanza.

Kwa sasa usijilazimishe kutunga maombi marefu. Soma zaburi moja kwa sauti asubuhi, kwa Kiswahili au kwa lugha ya mama yako, na Sala ya Bwana jioni, hata kama moyo umekauka. Maneno hayo yamebeba watu wengi kabla yako. Toka nje mchana wakati mwanga upo, hata kama ni kwa saa moja. Na ikiwa usingizi umepotea, hamu ya chakula imekwisha, au unatamani usiwepo, mwambie mume wako leo na mwone daktari wiki hii. Giza la majira ya baridi ya kule huugua nalo hata wenyeji, na kutibiwa si kukosa imani.

Mchungaji, nimerudi nyumbani baada ya utumishi mrefu ng'ambo. Usharika umenipa dakika kumi za ushuhuda, na watu wanataka kusikia juu ya nyoka na miujiza. Najiona mgeni katika kanisa lililonilea. Nifanyeje? (Mzee wa kanisa, Moshi)

Pole na safari, mzee mwenzangu. Ugeni wa kurudi hautajwi na wanaotuaga, nao una makali yake. Apolo alipokuwa anakaribia kufa, Mei 1933, aliomba azikwe Boga, kichwa kikielekea magharibi kwenye msitu wa Ituri, ambako tangu 1921 alikuwa akiwaendea Wambuti, wenyeji wa msitu huo, wala si upande wa Uganda kama ilivyotazamiwa. Yeye hakurudi. Sisi tuliorudi tunabaki na mioyo iliyogawanyika, nami naamini hiyo ni sehemu ya utume wenyewe, kwa maana kanisa lililotutuma linahitaji mtu anayewapenda wale wengine kama watu wake.

Paulo na Barnaba waliporudi Antiokia walilikutanisha kanisa na kueleza mambo yote aliyoyafanya Mungu pamoja nao. Hawakupewa dakika kumi. Hizo ulizopewa zitumie kusoma salamu za waliokupokea kule, basi, na nyoka uwaache. Kisha mwombe mchungaji wako jioni moja kwa ajili ya wale watakaopenda kukaa na kusikia, hata wakiwa watano. Waeleze ulicholishwa, ulichofundishwa, nani alikusahihisha, nani alikuombea. Majina ya watu na habari zao za ndani yataje kwa ruhusa yao tu, kwa sababu picha na video siku hizi hufika kule kabla ya barua. Endelea kuwaandikia, na mkipewa jambo la maombi, liombeeni kwa jina Jumapili inayofuata.

Tena kama dayosisi yako inaweza kugharamia nauli, ombeni mwinjilisti mmoja wa kule aje Moshi kwa mwezi mmoja au miwili. Alale nyumbani kwako, ahubiri kwa Kiswahili chake bila mtu kumsahihisha, awatembelee wagonjwa wa usharika, na wazee wakae chini ya mafundisho yake. Nauli ya kwenda tumeichanga miaka mingi. Ya kuja tuichange pia.